Buti za Mtu wa Mwezini

Leo wajukuu wametandaza turubai jipya la kuanikia maharage, na harufu yake imenifanya nihamishe kigoda changu mbali. Ndiyo harufu ya lile banda la turubai la maonyesho ya safari ya mwezini, lililosimamishwa uwanjani Lushoto nilipokuwa mtoto.

Tulitoka Lukozi kwa miguu, baba, mama na mimi. Viatu tulivibeba mkononi, tukanawa miguu mtoni, ndipo baba na mimi tukavaa. Mama hakuwa navyo, na uwanja ulikuwa tope tupu.

Mlangoni kijana mmoja akamtazama mama miguu. Hata shikamoo hakutoa. Jina lake ninalo mpaka leo, na la baba yake pia, ila silitaji. Hastahili.

"Wewe mama, na tope hilo huingii. Humu mna vitu vya maana."

"Mwanangu, nimetoka Lukozi nione."

"Basi rudi Lukozi ukaoge!"

Watu wakacheka. Nikangoja baba aseme neno. Akamwambia mama, "Wewe utungoje hapo," akanivuta ndani.

Ndani, kwenye sanduku la kioo, waliweka buti za mfano wa zile za mtu aliyekwenda mwezini, zimejaa vumbi mpaka kwenye kamba.

"Baba, mbona hizi hazijaoshwa?"

Akanifinya sikio. "Nyamaza! Vumbi la mwezini hilo."

Nje tulimkuta mama palepale.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Buti chafu, mama."

Akamtazama baba, akatema mate chini, akatangulia njia. Baba alimwita mlima mzima.