Kila kocha wa timu ya taifa akifukuzwa, kwetu Nyanungu maksai anakwenda bucha

Wakuu, hamjambo. Mnaotakiwa kuniamkia niamkieni, na marahaba nimeshaitikia kabisa ili tusichelewe.

Mimi ni bibi wa Nyanungu, huku Tarime. Shule niliishia darasa la nne, nikaolewa. Simu hii alininunulia binti yangu Ghati, akasema ni ya kupokea salamu. Haya mengine nimejifunza mwenyewe. Mkiona herufi imekaa vibaya irukeni muendelee.

Nimewasoma humu siku nyingi mnavyobishana kuhusu historia ya makocha wa timu ya taifa. Nani alikuwa bora, nani alikuja kutalii. Mnaweka picha, mnachora mishale, mnatukaniana mama zenu. Mimi nacheka tu. Hiyo historia naijua kuliko ninyi, kwa sababu wote wamepita kwenye zizi langu.

Ninachosema ni kweli tupu. Nikidanganya, ng'ombe wangu wote wakauke maziwa.

Iko hivi.

Mume wangu, Mzee Marwa, anapenda vitu viwili duniani: ng'ombe na timu ya taifa. Mimi ni wa tatu, tena siku ambazo timu haichezi.

Sasa, kwetu maksai wa plau lazima awe na jina. Wamefungwa nira wawili, ukipiga kelele "wewe!" hakuna anayejua anaambiwa nani. Na yule wa kulia, anayetembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, ndiye anayeongoza. Akipotea yeye, shamba lote limepotea.

Mwaka mmoja mzee alinunua maksai mnadani siku ile ile redio ilipotangaza kocha mpya wa taifa. Akarudi nyumbani amelewa furaha, na si furaha peke yake, akaniambia, "Mama Ghati, huyu ndiye kocha wetu."

Toka siku hiyo ikawa sheria ya boma. Kocha akiajiriwa, maksai wa kulia anapewa cheo chake. Kocha akifukuzwa, maksai anakwenda bucha.

Nikamuuliza, "Baba Ghati, ng'ombe amekosa nini?"

"Matokeo," akasema.

Yule wa kushoto anaitwa Katibu. Huyo habadilishwi. Sijui kwa nini. Makocha wamekuja wamekwenda, yeye yupo, amenenepa.

Majina ya makocha wenyewe siyataji, sitaki kesi uzeeni. Na mengine yalitushinda ulimi, kwa hiyo mzee aliita ng'ombe kwa sifa zao.

Wa kwanza alikuwa Profesa. Kocha mwenyewe alitoka ng'ambo, redioni wakasema ana falsafa. Ng'ombe naye alikuwa na pembe ndefu na macho ya kufikiri. Anasimama katikati ya shamba, anafikiri. Mistari ilikwenda kama nyoka aliyepigwa fimbo. Timu ikafungwa, kocha akapandishwa ndege, Profesa akapandishwa mizani.

Akaja Mzawa. Kocha wa hapa hapa nyumbani, wakasema anashikilia kwa muda tu. Maksai naye alikuwa wa kienyeji, mfupi, mweusi, hakununuliwa, alizaliwa zizini. Hakuna aliyemletea chumvi. Josho alipelekwa mtu akikumbuka. Lakini alivuta, jamani! Mistari ilipinda kama kawaida, ila alilima mpaka pembeni mwa mto ambako hajawahi kulima ng'ombe. Tulivuna mahindi tukaazima ghala la jirani. Nikasema huyu sasa atabaki.

Mzee akasema, "Amejitahidi. Sasa tutafute mwenye hadhi."

Wakuu, siku ile nililia. Shukrani ya Mzawa ilikuwa supu.

Mwenye hadhi akaja, tukamwita Mkataba. Kocha alikuwa na wasifu mrefu, amefundisha nchi ambazo sijui ziko wapi. Ng'ombe alinunuliwa kwa watu wa upande wa Sirari, mpakani na Kenya. Muuzaji akamwambia mzee, "Huyu ni grade, mzee, ako na papers zake zote." Ni kweli, damu ya kizungu ilikuwepo, papers zilikuwepo. Nguvu ndiyo haikuwepo. Jua likipanda anataka kivuli. Majani ya juzi hali. Nikilalamika, mzee anasema, "Mpe muda Mama Ghati, hii ni project."

Project ikalala chini kwenye mtaro asubuhi moja ikakataa kuamka. Hata kwenda bucha hakutembea, alifuatwa na gari.

Na shamba? Limepinda vile vile. Vijana wachimbaji wa Nyakunguru wakipita njiani wananiuliza, "Bibi, hapa mnalima au mnafuata mwamba wa dhahabu?"

Ndipo akaja Mpole. Hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Mpole mama yake alikufa akimzaa. Nilimlea mimi, kwa chupa ya soda na kitambaa, maziwa ya kuomba. Alilala jikoni kwangu. Mpaka amekuwa maksai, nikienda mtoni yuko nyuma yangu. Nikiumwa anasimama mlangoni anahema, kama jirani aliyekuja kunijulia hali, tofauti ni kwamba yeye haombi chai.

Mzee hakumtazama hata mara moja. Kisha redio ikatangaza kocha mpya, mtu wa maneno machache, asiyepiga kelele pembeni ya uwanja. Mzee akaingia zizini moja kwa moja, akamshika pembe mtoto wangu, "Huyu ndiye Mpole."

Nikasema, "Baba Ghati, huyo muache. Taja yule mwekundu."

"Nimeshasema mbele ya ng'ombe."

Na mnamjua mwanaume wa Kikurya akishasema mbele ya ng'ombe wake. Ni rahisi zaidi kuhamisha mlima.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa shabiki wa timu ya taifa. Offside mpaka leo siijui. Lakini ushindi naujua, ni Mpole anakula. Sare ni Mpole anangoja. Kufungwa ni mimi sili.

Na walifungwa, wakuu. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa na nchi ambayo mzee alisema ni kisiwa cha wavuvi. Redioni wachambuzi wakaanza: kocha hana mbinu, kocha aende. Mimi niko kisimani nawaambia wanawake wenzangu, "Mpeni muda, wachezaji wenyewe hawapigi pasi!" Wakaniona nimeanza kurukwa na akili.

Katikati ya hayo mzee akaenda msibani Mbalibali, kule Serengeti, kwa wakwe zake Ghati. Mvua imeshanyesha, siwezi kungoja. Nikafunga nira nikashika plau mwenyewe. Mimi si mwanamke wa kungojea mwanaume ardhi ikiwa na maji.

Shamba lilinyooka kama uzi wa fundi.

Nikajua basi, Mpole ameiva. Mzee akarudi, akashika plau, mistari ikapinda tena. Nikabaki naangalia tu, sielewi. Mzee akasema, "Unaona? Ng'ombe ameshuka kiwango."

Ikaja mechi ambayo kila mtu alisema kocha akifungwa hii amekwenda. Nikavaa kitenge cha kanisani nikaenda banda la video. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Kijana mwenye banda, Chacha, akaniona.

"Shikamoo bibi. Umepotea? Kanisa liko kule."

"Marahaba. Nimekuja kumwangalia kocha wangu."

"Huyo anaondoka, bibi. Sub zake mbovu, anabadilisha wachezaji ovyo."

"Mura, kijana wewe, usiniongelee sub. Mke wako wa kwanza yuko wapi? Na huyu wa sasa amecheza dakika ngapi?"

Banda zima likapiga makofi. Chacha akanipa kiti cha mbele, karibu na mzee wangu, ambaye alijifanya hanijui.

Mpira ukachezwa. Mchezaji wetu akabaki yeye na kipa tu. Banda likasimama. Akapiga juu.

Mimi sikuangalia mpira. Nilikuwa namwangalia mzee. Alikuwa amekaa amekunja ngumi mbili mbele yake, kama ameshika kitu. Mpira ulipopaa, mikono yake ikaruka juu, ikapinda kushoto.

Hapo nikaelewa.

Mzee wangu hulima amevaa redio shingoni, kwa kamba ya kiatu. Miaka yote. Wachambuzi wanaongea, yeye analima. Wakisema neno la kumuudhi, mikono inaruka, plau inatoka ardhini, ng'ombe wanavutwa. Profesa hakuwa anafikiri, wakuu. Alikuwa anashangaa.

Tulifungwa. Niliyoyaona nikayafunga kwenye kitenge. Mwanaume ukimwaibisha mbele ya banda zima atamuuza ng'ombe jioni hiyo hiyo kwa hasira.

Redio ikatangaza asubuhi: kocha amefukuzwa, makubaliano ya pande mbili. Mzee akapiga simu Tarime mjini kwa Shabani mwenye bucha, ambaye ndiye aliyewapokea wote toka Profesa. Shabani mtu mwema, tunaheshimiana. Akaja na kamba begani.

"Shikamoo mama. Poleni kwa kocha."

"Marahaba. Kaa kwanza unywe uji. Baba Ghati, huyu ametufanyia kazi. Alime mstari mmoja wa kuaga, hata makocha wanapewa nafasi ya kusema kwaheri."

Mzee akakubali, alikuwa na majonzi. Shemeji yangu Nchagwa akamsaidia kufunga nira. Ndipo nikasema, "Redio nishikie mimi, leo mikono yako inatetemeka, itaanguka."

Akanivulia. Nikaizima.

Akalima. Mpole kulia, Katibu kushoto akiwa amenuna kama siku zote. Mstari ukaenda, ukaenda, mpaka mwisho wa shamba. Nchagwa akapiga mluzi. "Kaka, huu umeulima wewe?"

Mzee mwenyewe akageuka akautazama.

"Haya rudi nao," nikasema. Alipofika katikati nikaifungua redio sauti yote. Walikuwa wanajadili nani atapewa timu. Wakataja jina.

"Yule? Haiwezekani!" mzee akapiga kelele, na mikono hiyo ikaruka juu. Plau ikatoka ardhini ikaangukia kushoto. Mpole akasimama mwenyewe, akainamisha kichwa, akangoja. Kama alivyozoea.

Redio peke yake ndiyo ilikuwa inaongea. Shabani akaweka bakuli la uji chini, akaanza kukunja kamba yake taratibu.

"Mzee Marwa, leseni yangu ni ya ng'ombe tu. Anayestahili kamba leo siwezi kumfunga."

Nchagwa alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alikuwa ameangalia ule mstari uliopinda, kisha mikono yake, kisha zizi.

"Mzawa alikuwa ng'ombe mzuri," akasema.

"Alikuwa," nikamjibu. "Mlimla na ndizi."

Akaachia plau, akaenda kumfungua Mpole nira yeye mwenyewe. Alimshika shingoni muda mrefu. Toka nimeolewa sijawahi kusikia mzee akiomba msamaha kwa mtu, na siku ile pia sikusikia. Lakini Mpole alipewa chumvi.

Sasa hivi redio inakaa jikoni kwangu wakati wa kulima. Mchambuzi ni mimi. Habari za timu anazipata mchana, akiwa ameshika ugali, maana ugali hata ukiruka haupindishi shamba.

Shida ilibaki moja. Kocha mpya ametangazwa, na sheria ya boma ni sheria ya boma, lazima jina limwangukie mtu. Mzee akazunguka zizi asubuhi nzima. Mwisho akampa jogoo mwekundu. Akasema mkataba wake ni mpaka Krismasi.

Wakuu, funzo langu ni hili. Mnabishana huyu alikuwa Profesa, yule alikuwa Mzawa, yule alichagua majani akalala. Sawa. Lakini mistari imepinda kwa wote. Mmewahi hata siku moja kuangalia mikono ya aliyeshika plau? Mmewahi kumvua redio shingoni? Mimi bibi wa darasa la nne nauliza tu, wala sijataja ofisi ya mtu.

Wajuzi wa mpira njooni mnipinge, uwanja ni wenu, ila kwanza mniamkie. Na mwenye tetesi kama huyu kocha mpya atafika Krismasi aniambie mapema. Jogoo ameanza kunifuata mtoni.