Gari la Baba na Gari la Baba Mdogo

Baba yangu na baba mdogo wamebishana maisha yangu yote kuhusu magari yao ya zamani ya Kiingereza. La baba lina gia sakafuni. La baba mdogo lina gia kwenye usukani, na kiti cha mbele kirefu kama benchi la kanisa. Nikiwa chuo kikuu nilisoma kwamba yote mawili yalitoka kiwanda kimoja, injini ile ile, tofauti ni nembo na urembo. Nikawaeleza. Kila mmoja, kwa wakati wake, aliniambia karo yangu ilipotea bure.

Siku hizi la baba liko kwake katika mtaa wa Ayany, mbele ya geti pana, na injini imekufa. La baba mdogo liko kwake katika mtaa wa Gatina, linawaka mara moja, ila haliwezi kutoka. Alijenga vyumba vya kupangisha kila upande wa ploti, na alipomaliza akagundua njia iliyobaki inapitisha pikipiki tu. Kila Jumapili baada ya kanisa hulisogeza mpaka kwenye kamba ya nguo za wapangaji, kisha hulirudisha mpaka ukutani.

Majuzi baba aliniita. "Injini ya mdogo wangu inafanya nini pale? Kamwombe. Nataka kujiendesha mpaka nyumbani kijijini, Magharibi, kabla macho hayajaniacha."

"Si umwombe mwenyewe, Baba?"

"Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa haombi mdogo."

Nikaenda Jumapili, nikamkuta akitaka kulisogeza gari, akaniambia niingie. Mlango unaofunguka ni wa dereva peke yake, ile mingine inagonga kuta. Nilijivuta hadi mwisho wa benchi, baba mdogo akaingia, akafunga. Nikawa sina pa kutokea.

"Mzee, leo tunaenda wapi?" mpangaji mmoja aliuliza akianika shuka.

"Mbele," akajibu.

Tukaenda mbele. Tukarudi. Mimi ninayelipwa kwa kuandika nilikuwa bado natafuta sentensi ya kwanza.

"Amekutuma injini," alisema bila kunitazama.

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Ikitoka, nabaki na kabati. Mwambie aje aitoe kwa mkono wake."

Jumapili iliyofuata baba alishuka kwenye boda boda na mfuko wa spana. Alinipa niubebe. Mimi nilitupwa nyuma kama gunia, kupitia juu ya kiti. Wazee wakakaa mbele. Gari likaenda hadi kwenye shuka, likarudi.

"Gia yako ngumu," baba alisema.

"Gia sio ngumu. Hujawahi kuliendesha gari hili."

"Hebu nipe."

Kwa kuwa hakuna aliyetaka kushuka, walipishana hapo hapo kwenye benchi, magoti na fimbo na kofia, wakikaripiana. Baba akashika usukani kwa mikono miwili. Zile spana ziligongana mapajani mwangu.

"Weka hizo chini, zinapiga kelele," akasema. "Siwezi kusikia injini."

Akaenda mbele polepole mpaka shuka ikafunika kioo chote. Hakurudi nyuma. Akapiga honi.

"Jam," akasema.

"Hii barabara iko hivyo," baba mdogo akajibu. "Tungoje."

Tukangoja. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, na hakuna aliyeniuliza kama nina haraka.