Nilipolala Juu ya Gari kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu watu wa Laurel, mji wetu huku Marekani, wameshausimulia vibaya vya kutosha, na aibu ikiwa ni yangu, basi bora itoke kinywani mwangu. Ilikuwa miaka ile ya simu za kukunja. Mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji, hata kuinuka kitandani ni kazi, na mama yake akapanda ndege kutoka Bungoma kuja kumsaidia. Sasa kwao mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe wa kiume (mimi mtu wa Dodoma nilidhani mambo hayo huachwa uwanja wa ndege), na sisi tulikuwa na chumba kimoja tu. Usiku wa kwanza nilikuwa kazini, ukapita salama. Kesho yake mama akauliza kwa upole kama leo pia ninaingia kazini, nikasema hapana, akaanza kufunga begi aende kwa mpwa wake Texas. Nekesa akageukia ukutani, akalia bila sauti.

Ningeweza kumwomba jirani kitanda. Nikaona haya (mwanamume mwenye nyumba yake anaombaje pa kulala?), na jioni hiyo hiyo nikanunua kwa mfanyakazi mwenzangu hema lake la kufunga juu ya gari, lile alilokuwa akienda nalo milimani. Nikamwambia mama afungue begi.

Tuseme haki, aliyebuni hema lile ana akili. Linafunguka upesi, godoro limo ndani tayari, uko juu ya matope na wadudu, na mvua ikinyesha hulowi. Lakini nadhani hakuwa na mama mkwe. Huwezi kusimama ndani, kwa hiyo suruali unaivaa umelala kama mgonjwa, ukijigeuza gari zima linayumba, pumzi yako inageuka maji kwenye turubai na kukudondokea, na ngazi inashuka mbele ya mlango wa nyuma, kiasi kwamba ikishasimama mlango haufunguki. Mimi suruali niliiacha kiti cha nyuma, nikapanda na bukta.

Asubuhi, ilikuwa Jumamosi, nikasikia gari kubwa linaegesha ubavuni mwetu, karibu kabisa, na watu wa kanisani kwa kina Nekesa wanashuka na mahotipoti, wamekuja kuona mtoto. Nikaamua kulala kimya mpaka waingie ndani. Wao wakasimama pale pale chini yangu wakisubiriana. Basi tone la maji likaniingia puani, nikapiga chafya, gari likayumba, na king'ora chake (Nekesa, kwa mazoea, alikuwa amelifunga kwa rimoti kutoka dirishani) kikalia hadi watu wakatoka vibarazani. Nikatoa kichwa, na kwa kukosa la kusema nikawaamkia, “Shikamooni.”

Nekesa akakizima kutoka dirishani.

“Brother,” mzee wa kanisa akasema, “kwani wife amekufukuza?”

“Hapana, mzee.”

“Usione haya. Ndoa ni kuvumiliana. Shuka tu tuombe.”

Nishuke na bukta? Huku mlango umezibwa na ngazi, kule na gari lao. Hapo mama mkwe akatoka, akarusha leso, yaani kanga yake, juu bila kuinua macho, akanigeuzia mgongo.

“Jifunge hiyo, baba. Sikuangalii.” Kisha akawaambia wale wengine, “Hajafukuzwa. Ni mimi nilikataa kulala na yeye kwa nyumba moja. Na yeye akakataa niende.”

Nikashuka nimejifunga leso yenye maua, hakuna aliyecheka. Mama Wanjiru, anayekaa jengo linalotazamana na letu, akatikisa kichwa. “Na mimi niko na kitanda tupu hapo tu. Si tulionana juzi kwa laundry? Mbona hukusema?”

Mficha uchi hazai, walisema wazee (mimi nilikuwa nimeshazaa na bado nauficha). Mama alilala kwa Mama Wanjiru muda wote aliokaa, kila asubuhi akaja kupika uji, na Nekesa akapona. Hema nililiuza, nikaapa kwamba nikikosa kitanda tena nitabisha hodi kwanza.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, mama alisimama mbali kidogo nami, kama desturi yao, akitazama mizigo yake.

“Baba,” akasema, “huyo msichana nilikuwa naogopa kumwacha huku mbali. Sasa siogopi.”

Nikainama kufunga zipu ya begi ambayo ilikuwa imeshafungwa.