Mwalimu na Binti wa Seremala

Wanafunzi walimwita Onyesha Njia. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, na jina lilimpendeza. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha hesabu katika sekondari ya wasichana ya masista, na kila aliyeleta jibu tupu alirudishiwa daftari na maneno hayo mawili kwa wino mwekundu. Alikuwa mcheshi. Sista Mkuu mwenyewe akipita barazani alipunguza mwendo asikie darasa linacheka nini.

Mwaka huo alikuwa mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu. Humo mlikuwa na binti mmoja mkimya, mkali wa hesabu kama wembe, mtoto pekee wa seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa la shule. Mama yake alifariki angali mdogo. Muhula wa pili ulipoanza, binti akaanza kuchelewa. Mara sketi haijapigwa pasi, mara anasinzia. Jumanne moja, kipindi cha kwanza hata hakijafika nusu, kichwa chake kikalala juu ya dawati.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Jamani, mtandikieni mwenzenu shuka. Na mto mumletee, shingo isije ikamuuma."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti aliinuka, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta, akakusanya vitabu vyake taratibu na kutoka. Hakurudi siku hiyo, wala kesho yake, wala keshokutwa.

Ijumaa Sista Mkuu akamwita mwalimu ofisini. "Ulijua baba wa yule binti amepooza?"

"Sikujua, Sista."

"Binti anasema alikuandikia."

Mezani kwa mwalimu palikuwa na rundo la madaftari ambayo hakuwa ameyagusa kwa wiki mbili, maana alikuwa akiwanoa kidato cha nne kwa mtihani wa taifa. La binti lilikuwa la tatu kutoka chini. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. *Mwalimu naomba ruhusa ya kuchelewa asubuhi. Baba hawezi kugeuka mwenyewe. Nikishamwosha na kumlisha nitakuja mbio. Naomba usiwaambie wenzangu.*

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mchana huohuo alikwenda kwao. Chumba kilinuka mbao na dawa ya kuchua. Seremala alikuwa amelala ubavu, mdomo umekwenda upande, na binti yake akimlisha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu kila baada ya funda.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu," mwalimu alisema akiwa bado mlangoni. "Barua yako nimeisoma leo."

"Hamna neno, Mwalimu. Karibu ukae." Alisema bila kumtazama, na upole ule ulimkata maini mwalimu kuliko kama angemtukana.

Seremala akatoa sauti nzito.

"Anauliza kama mabenchi yake yamelegea," binti akatafsiri.

"Mwambie hayajalegea. Tumelegea sisi tunaoyakalia."

Nusu ya uso wa seremala ikacheka.

Basi wakapanga. Sista muuguzi wa zahanati ya shule angekaa na mgonjwa asubuhi, binti arudi darasani, na kila Jumamosi mwalimu angekuja kumfundisha yale yaliyompita. Miezi minne mambo yakaenda hivyo. Binti akipata hesabu ngumu, baba yake aligonga ubao wa kitanda kwa ule mkono mzima, kama mtu anayepima kazi na kuikubali. Mwalimu alizipenda Jumamosi zile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mtihani wa kufunga mwaka uliangukia Alhamisi. Asubuhi binti alikuwa akimsubiri getini.

"Mwalimu, naomba leo nisifanye. Baba amekataa uji."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

"Sista muuguzi yuko naye?"

"Yuko."

"Basi ingia, mwanangu. Ni mtihani wa saa mbili tu. Ukiukosa mtihani huu utarudia darasa, na atakayeumia ni yeye. Ukimaliza nitakusindikiza mwenyewe."

Binti alimtazama kitambo, kisha akaingia.

Saa moja ya mtihani haijatimia, mwalimu akiwa anasimamia, alimwona dirishani Sista muuguzi akikatiza uwanja. Aproni bado alikuwa nayo, mikono akiishika mbele kama hajui aipeleke wapi. Mwalimu alielewa kabla hajafika mlangoni. Akapita katikati ya madawati. Akaweka mkono juu ya dawati la binti. Binti akainua uso, akamwona yeye, akamwona Sista, akaweka kalamu chini.

"Aliniita?" alimuuliza Sista.

Sista hakuweza kumdanganya. "Alikuita, mwanangu. Mara mbili."

Binti alihamia kwa shangazi yake na kumaliza shule palepale, kwa alama nzuri. Kila asubuhi alimwamkia mwalimu kwa adabu zote, lakini hakumuuliza swali tena, na Jumamosi zikaishia hapo. Mwalimu alimwomba Sista Mkuu amwondolee kazi ya ualimu wa darasa. Sista Mkuu akakataa. "Utabaki nao," alisema. "Sasa ndiyo unajua kinachoweza kuwapata."

Alibaki nao mpaka akastaafu. Mwaka uliofuata, katika hospitali ya mjini, muuguzi mwanafunzi aliita namba yake kwenye chumba cha kupimia presha. Alikuwa yule binti, nywele amezibana nyuma, sare nyeupe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akamnyooshea mkono afungwe kile kitambaa cha kipimo. "Ile siku ya mtihani..."

"Usiongee nikipima."

Binti alisoma kipimo, akakiandika kwenye kadi, akakaa akiitazama ile kadi.

"Kuna siku nakusamehe kabisa, Mwalimu," alisema. "Halafu kuna siku namsikia akiniita, na siwezi."

"Usijilazimishe, mwanangu."

"Presha iko juu. Punguza chumvi, urudi baada ya wiki mbili."

Nje mke wa mwalimu, aliyekuwa akimsubiri, alimshika mkono. "Wamesemaje?"

"Iko juu," alijibu, na wakateremka ngazi polepole.