Nyanyua Shati Nione

Mimi ni fundi wa milango na madirisha, Mji Mkongwe. Skuli niliacha darasa la tatu na sioni haya kulisema, kwani mkono huu umejenga nyumba na kusomesha watoto watano. Mwaka huu Bi mmoja wa mtaa wa pili aliniita, dirisha lake limeliwa na mchwa. Kutoa bovu na kutia jipya, kipimo kile kile, mti ule ule, nikatakiwa kibali. Nshakwenda ofisi ya vibali mara nne. Mara lete picha, mara lete barua ya sheha wa mtaa, mara mwenye muhuri yuko mazikoni. Na dirisha halijapata kumuua mtu.

Kila nikikaa kwenye benchi la ofisi ile nnamkumbuka jirani wa mwanangu.

Mwanangu wa mwisho anakaa Marekani, anauza kwenye duka la kituo cha mafuta. Mwaka juzi alinichukua nikafunge Ramadhani kwake. Jirani yake ni mzee mwenzangu, mvi tupu, kila asubuhi ananipungia mkono na mimi nampungia. Siku ya tatu nikaona hapana, haiwezekani tule sisi na huyu asionje. Nikapanga sambusa na kalimati kwenye sahani, nikafunika kwa kawa la ukili nililotoka nalo Unguja, nikavaa kanzu yangu, nikenda.

Kwetu jirani wa ukuta kwa ukuta anabisha hodi huku mguu mmoja ushapita kizingiti. Ndivyo nilivyofanya. Nikasema hodi, nikausukuma mlango wa wavu, nikaingiza kichwa. Yule mzee aliinuka kwenye kiti, akapandisha shati, mkono ukashika kitu cheusi kiunoni. Aliniambia maneno ambayo sikuyafahamu hata moja. Mimi nilikuwa nimesimama na kawa langu, yeye hajui chini yake mna nini, na mimi kumbe siku zote nilikuwa sijui chini ya shati lake mna nini.

Mwanangu alikuja mbio anapiga kelele kwa Kiingereza. Yule mzee akaliteremsha shati, akacheka, akala sambusa tatu amesimama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Tuliporudi nyumbani mwanangu akanieleza. Zamani, mtu wa jimbo lile akitaka kutembea na bastola ndani ya nguo alikwenda kufundishwa, akapewa karatasi. Sasa sheria imebadilishwa. Mtu mzima asiye na kesi anaitia kiunoni, anakwenda nayo sokoni, na haulizwi kibali. Nikamuuliza, hata sheha hana habari? Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, huku hakuna sheha."

Nikarudi kwangu. Miezi haikuwa mingi, akanipigia simu. Mwenzake wa dukani alikuwa ameporwa, kapigwa kwa kitako cha bastola, meno mawili yametoka.

"Baba, nnataka na mimi ninunue. Nipe radhi yako."

"Sheria si imeshakupa? Mimi unaniomba nini?"

"Naogopa kuibeba na wewe hujui."

Niliweka randa chini. Jimbo zima lenye mahakama na polisi lisimuulize kitu, wa kuulizwa niwe mimi, nisiyejua hata kuandika anuani ya huko. Nikamwambia, siku ile kwa jirani, ungekuwa wewe mwenye nyumba, akaingia mzee humjui, kashika kitu kimefunikwa, ungefanya nini?

"Radhi sikupi," nikamwambia.

"Nimekusikia, baba."

Nimekusikia. Mimi nimelea watoto watano, najua kuwa hilo si sawa na kusema "sitonunua". Na mimi sina raha. Akija kuuliwa pale dukani mikono mitupu, nani atakuwa kamzuia asijikinge? Nikilifikiri hilo nnakata mbao kombo.

Basi kila Ijumaa akinipigia simu ya picha, kabla sijaitikia shikamoo yake namwambia, "Nyanyua shati nione." Anacheka, anasema baba unanifanya mtoto wa chuo cha Kurani, lakini ananyanyua. Naona mkanda, naona kitambi kinaanza, ndipo namjibu marahaba.

Ijumaa iliyopita alipiga ya sauti tupu. Kasema kamera imeharibika. Nikamwambia aitengeneze. Kasema ataitengeneza, inshallah, akarudia shikamoo yake.

Sikumwitikia. Leo Ijumaa nyingine, simu nimeiweka juu ya meza ya kazi karibu na dirisha la yule Bi. Dirisha limeshamalizika, linangoja kibali.