Tela, GPS Mbili na Ng'ombe wa Mama Zaina

Leo nimemuua ng'ombe wa watu kwa ubishi wangu.

Mama Zaina, jirani yangu mjane, alimnunua kule Mombo, ng'ombe akiwa na mimba kubwa. Tukampakia kwenye tela, tukaanza kupanda kwenda kwetu Kwai.

Garini nina GPS mbili. Moja imekuja na gari, ina skrini kubwa. Nyingine ni ndogo, ya kubandika kiooni, na nimeiwekea urefu na uzito wa tela.

Tulipopita Lushoto zikapishana. Ya gari ikasema kata kulia, ni karibu. Ndogo ikasema nyoosha.

"Mwanangu, fuata hicho kidogo," akasema Mama Zaina.

"Mama, hii ni ya gari lenyewe. Haikosei." Nikakata kulia.

Jamani, haikujua hata kama nimevuta tela!

Mbele kidogo njia ikabana, tope tupu, kona kali. Pa kugeuzia hakuna. Nikarudi kinyumenyume, tela likajikunja, likachomoka kwenye gari, likaporomoka bondeni.

Ng'ombe alikuwa bado anapumua, miguu ya mbele imevunjika. Mzee mmoja wa pale akamchinja haraka asije akafa kibudu.

Ndama walimtoa tumboni, amekufa.

Mama Zaina akavua khanga yake ya juu, akamfunika. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, wewe hujaumia?"

Afadhali angenitukana.

Nyie wenzangu mnaovuta tela, nishaurini. Kesho asubuhi nasimamaje mlangoni kwake nimwambie shikamoo?