Kadi ya Gemu Kwenye Sebule ya Mama Mkwe

Cheka mapema umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi ndiye yule mwanamke ambaye akina mama wa chama fulani pale Uthiru walimkemea kwa maombi, mchana kweupe, akiwa ameshika mausi ya kompyuta mkononi na tabasamu la kitaalamu usoni. Wengine wakiaibika huwa wameteleza kwenye ngazi au wamesahau kufunga zipu, mimi nilitolewa pepo. Kila mtu na bahati yake.

Naitwa Mwende, naishi Waithaka, na kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta, zile picha ambazo mteja anaingia mlangoni na kutembea chumba kwa chumba kabla hata msingi haujachimbwa. Mchumba wangu ni Kamau. Mamake (mimi humwita Mum, kama afanyavyo kila msichana anayetaka kuolewa kwa amani) ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa kanisa lao, na chama hicho kilikuwa na ploti Uthiru walikotaka kujenga vyumba vya kukodisha. Siku moja Mum akawaambia wenzake, "Mnatafutia nini mchoraji huko nje? Sisi tuko na wetu kwa familia." Kwa familia! Mimi! Mwaka mzima nimekuwa nikienda kwa huyo mama na matunda na adabu, nikicheka kila mtu anapoleta ule utani wa sisi Wakamba na dawa za kurogea (utani mpya kabisa huo, nausikia kila wiki tu), na sasa nimeitwa familia mbele ya watu. Basi mkutano ukapangwa sebuleni kwake, huko huko Uthiru, akina mama waje waione nyumba yao kwenye televisheni, nami nikaamua siku hiyo lazima ning'are.

Tatizo lilikuwa kompyuta yangu. Ni lile kasha jembamba la ofisini, mtumba kutoka ng'ambo, zuri sana kwa kuandika barua, lakini ukiliambia lizungushe picha ya nyumba linakohoa. Lilihitaji graphics card, ile kadi inayochomekwa ndani ili picha ziende haraka bila kukwama. Na hapo, badala ya kununua kadi kama mtu mwenye akili timamu, nikaanza kulinganisha.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ya gemu ya bei nafuu, kubwa kama mkate mzima, feni mbili, taa za zambarau, inataka waya wake wa stima, lakini kwa mbio hakuna wa kuigusa. Ya pili ilikuwa kadi ndogo ya kazi, imetengenezewa hasa watu wa michoro kama mimi, inaenea kwenye kiganja, feni moja tena kimya, stima kidogo tu inayovuta pale pale ilipochomekwa, na sura yake ni kama kitu kilichodondoka kutoka kwa redio. Na hiyo ndogo, isiyo na hata taa moja ya kudanganyia, ndiyo ilikuwa ghali! Nikaona hapa mtu anataka kuniibia huku ninamwangalia. Nikatazama video za kulinganisha mpaka nikaanza kuongea kama wale vijana wa kwenye video. Kamau nilimsomea matokeo akila, akivaa viatu, akioga.

"Babe," akaniambia kutoka bafuni, "hata mimi hukunichagua kwa makini hivi."

"Wewe hukuja na feni mbili," nikamjibu.

Dukani, ghorofani katika jengo moja pale katikati ya mji, muuzaji alikuwa na wateja wengi na haraka zake, akaniuliza swali moja tu. "Madam, kesi yako ni saizi gani?"

"Ya kawaida," nikasema.

Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Sikuwa nimepima. Ni kasha la kompyuta, si gauni la harusi, nipime nini? Nikachukua kadi ya gemu, nikashuka ngazi nikijiona nimeushinda ulimwengu wa biashara.

Nyumbani kadi ikagoma kuingia. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko kasha lenyewe. Mtu wa kawaida angeirudisha kesho yake, lakini mtu wa kawaida hakuwa ametazama video nilizotazama mimi, kwa hiyo nikatoa kifuniko. Kasha nikalilaza, kadi ikasimama katikati ikichungulia nje kama twiga kwenye pikapu, na kwa vile stima ya ndani haikuitosha, nikatafuta pawa saplai nyingine ya mtumba, lile boksi la kulisha stima, nikaiweka kando, waya zikaning'inia kama matumbo. Nikawasha. Taa zikawaka, nyumba ikazunguka kwenye skrini laini kama siagi, nikajipigia makofi.

Kamau alikuja akaitazama. "Si ungechukua tu hiyo ndogo?"

"Kamau, kuna watu wanaelewa hizi vitu, na kuna watu wa bima." (Yeye anafanya kazi ya bima.)

Siku ya mkutano nilifika Uthiru kwa teksi nimeipakata kompyuta kama mgonjwa. Sasa, sebule ya Mum ni sebule ambayo kila kitu kimevaa. Makochi yamevaa vitambaa, meza imevaa, redio imevaa, na vyote amevifuma mwenyewe kwa mkono, vyeupe kuliko nia yangu. Kabati la televisheni lilikuwa limevaa kile kirefu kuliko vyote, chenye mashada ya nyuzi pembeni, na kwenye mwisho wake mmoja ilisimama picha ya marehemu Baba Kamau ndani ya fremu, amevaa suti, anawatazama wageni kama mtu anayesubiri kodi. Nikakunja ule mwisho mwingine wa kitambaa, nikaweka kompyuta, nikaiunganisha na televisheni.

Mum akaingia na chupa ya chai, akasimama.

"Mwende, mbona hii kitu iko uchi?"

"Inataka hewa, Mum."

"Wageni wanaingia, na hiyo matumbo yote iko nje?"

Akaweka chupa chini, akashika ule mwisho wa kitambaa, akaifunika mashine yangu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, kisha akarudi nyuma hatua moja akaitazama kwa furaha. Hapo nilijua. Sitadanganya, nilijua kabisa. Lakini zile feni hazizunguki mpaka kadi ipate moto, na wakati huo zilikuwa zimetulia, na yule mama alikuwa anatabasamu, na mimi ni nani, familia ya juzi, nimkatalie mambo ndani ya nyumba yake?

"Ni sawa, Mum," nikasema. "Hata imependeza."

Akina mama wakaja, wakajaza sebule, wakaomba, wakapewa chai na samosa. Mwenyekiti wao ni Mama Shiko, mwenye saluni pale Kenyatta Market, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Nikaanza kuwatembeza ndani ya nyumba yao, geti, uani, ngazi, chumba cha kwanza, na jamani walipenda!

"Rudisha hapo kwa jikoni," akasema mmoja.

"Na nguo watu wataanika wapi?"

"Zunguka tena tuone choo," akaagiza Mama Shiko. "Tenanti akitoroka, anatorokanga sababu ya choo."

Nikazunguka, nikarudi, nikapanda, nikashuka, na ile taa ya zambarau ikapenya kwenye matundu ya kitambaa ikachora maua ukutani, mpaka mama mmoja akasema mashine yangu ina mataa kama ya harusi. Nikamtupia Kamau, aliyesimama mlangoni, jicho la ushindi. Nilikuwa bado namtazama nikasikia *trrr*.

Kadi ilikuwa imepata moto. Feni zimeamka.

Mwanzoni nilidhani ni simu ya mtu. Kumbe feni imenasa shada moja la nyuzi, inalizungusha, inalimeza, inaendelea kufumua kazi ya mikono ya Mum mshono kwa mshono na kuivuta ndani. Na kwa vile kitambaa kilikuwa kimoja na kabati limepakwa vanishi linateleza, kule mwisho wa pili, Baba Kamau akaanza kusogea. Polepole, kwa vituo vituo, kama mzee anayempisha mtu kwenye benchi la kanisa. Kwenye suti yake taa ya zambarau inacheza. Harufu ya kitu kinachoungua. Picha kwenye televisheni ikaganda kwenye mlango wa choo.

"Nyinyi," akasema Mama Shiko kwa sauti ndogo, ndiyo mara ya kwanza niliisikia sauti hiyo, "mnaona chenye naona?"

"Ngai! Ni Baba Kamau," mama mmoja akanong'ona. "Anakuja."

Sebule ikalipuka. Mama Shiko alikuwa wima kabla sijameza mate. "Shindwe! Shindwe kabisa!" Wengine wakapokea, mikono juu, kila mmoja na maombi yake, nami napiga kelele, "Ni feni! Ni feni tu!" lakini kwenye maombi ya namna hiyo ukipiga kelele unaonekana wewe ndiye unayetokwa na pepo, kwa hiyo mkono wa mtu ukatua kichwani mwangu ukanisukuma nikae. Moshi kidogo ukatoka chini ya kitambaa. Mama Shiko, ambaye sijui kama alikuwa anapigana na moto au na shetani, akairushia kikombe chake kizima cha chai ya maziwa.

*Pah!* Giza kwenye televisheni, giza kwenye taa, stima ikakatika ploti nzima. Baba Kamau akaanguka kifudifudi sakafuni. Wapangaji wa Mum wa vyumba vya uani wakaja mlangoni kuuliza mbona stima imepotea, wakakuta akina mama wamemzunguka msichana aliyekumbatia mausi, wakabaki wanatazama. Bure, bila kiingilio.

Kisha mtu akauliza, "Kwani huyu msichana kwao ni wapi?"

"Machakos, huko Ukambani," mwingine akajibu.

"Ahaa."

Mimi nimecheka utani huo mwaka mzima, nimeucheka kazini, nimeucheka mezani kwa Mum, lakini hiyo "ahaa" haikuwa utani. Nikajua sasa nimekwisha, kazi imekwenda, na pengine na ndoa pia.

Mum akainama, akaiokota picha, akafuta chai kwenye uso wa mumewe kwa pindo la aproni yake, taratibu. "Mwende. Hii ni nini?"

Na mimi, badala ya kuomba msamaha, nikaanza kulinganisha! Nikaeleza kuna kadi mbili, kubwa na ndogo, kubwa ina mbio lakini haikutoshea, ndiyo nikatoa kifuniko, ndiyo feni zikawa wazi...

"Ngoja," Mum akasema. "Kumbe kulikuwa na ndogo?"

"Ndiyo, Mum."

"Yenye ingetoshea?"

"Ndiyo."

"Na ukachukua hii."

"Ilikuwa na taa," nikasema, na nilijisikia nikisema.

Mum akaitazama picha, akawatazama wenzake. "Huyu mzee nilikuwa namwambia asogee nifagie, hasogei. Namwambia asogeze miguu, hasogezi. Kama kungekuwa na dawa ya kumsogeza, mimi ningeitafuta tukiwa bado tumeoana juzi. Hii ni kitambaa imeshikwa na feni. Kaeni chini mnywe chai."

Akacheka yeye kwanza, kicheko cha pua, kisha wakacheka wote mpaka wapangaji. Aliyecheka kwa muda mrefu zaidi ni Mama Shiko, aliyeizamisha mashine yangu na hadi leo hajasema pole. Yule wa "ahaa" alijishughulisha sana na samosa.

Walipoondoka nilibaki jikoni naosha vikombe, Mum anapangusa.

"Ulijua itashika?"

"Nilijua inaweza kushika, Mum."

"Na ukaniambia imependeza." Akaweka kikombe rafuni. "Mimi nilidhani nakusaidia. Ungesema tu, Mum, toa hiyo kitu, ningetoa. Utaolewa hapa, na hutaniambia ukweli?"

Nikalia ndani ya beseni la vyombo, kimya kimya, kama kadi ndogo.

Nilipoirudisha kadi dukani, yule muuzaji aliigeuza, akaona uzi mweupe, akavuta, ukaja, akavuta tena, ukazidi kuja. "Madam, hii mlikuwa mnashonea nayo?" Hakuichukua, na sikumlaumu. Nikanunua ile ndogo ya kazi. Kasha lenyewe lilikuwa limekauka na kupona, nikaichomeka ikaingia *tik*, nikafunga kifuniko, basi. Hata niliona imenikosea heshima kwa urahisi huo.

Akina mama wakaniita tena, safari hii kwenye saluni ya Mama Shiko, Kenyatta Market. Nyumba ikazunguka kwenye televisheni, haikukwama, haikulia, haikuwaka. Mama Shiko akaitazama kompyuta kwa masikitiko.

"Hii ni sawa, lakini ile ingine ilikuwa na mataa. Si unitafutie moja kama hiyo niweke hapa, wateja waone?"

Kabla sijapata jibu lisilo na matusi, Mum akasema akiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, "Mwende, na hilo dirisha la nyuma uzibe. Tupate chumba kimoja zaidi."

Wote wakanigeukia.

"Hapana, Mum," nikasema. "Mtu hawezi kulala chumba hakina dirisha."

Mum alinitazama kupitia kioo, rola zote kichwani. "Basi liache," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Nimeapa. Kitu chochote cha kuingia ndani ya kingine nitakipima, hata kiwe na taa za paradiso, na Mum akishika kitu kisichofaa kushikwa nitamwambia saa hiyo hiyo, kwa heshima, wageni wakiwapo au wasiwepo. Afadhali anikasirikie dakika mbili kuliko mimi kuombewa tena nikiwa na akili zangu zote.